Taa za Mnara wa Koboko

Nimewahi kuwatumikia wajinga wengi, na wengi wao nimewasamehe, kwa sababu mjinga anayekaa kimya hana madhara. Mkuu wa kituo cha Koboko sijamsamehe mpaka leo.

Miaka ile nilikuwa fundi wa redio za mawasiliano, ofisi yetu ikiwa Arua mjini. Sisemi redio za muziki. Nasema zile za kubonyeza kitufe ukasema, ukaachia ukasikiliza. Ya Koboko ilifungwa ndani ya sanduku la bati juu ya mnara wa chuma. Betri zake zilikuwa chini, kwenye kibanda alimokaa msemaji na kipaza sauti chake, na waya mnene ulipanda kutoka kwenye betri hadi juu. Kwa redio hiyo zahanati za upande ule, ambazo redio zao ndogo zilifika Koboko tu, ziliomba gari la wagonjwa kutoka Arua. Siku moja ya kiangazi Koboko ikaacha kujibu. Nikapewa Landrova na betri mpya, nikaenda.

Kibandani nilimkuta mama mmoja Mnubi, mtu mzima, ambaye ndiye aliyeiendesha redio ile.

"Fundi, karibu," aliniambia. "Redio iko nasikia, lakini hapana sema. Arua inaniita, mimi nasikia kabisa. Nikijibu, kimya. Juzi watu wa Kuluba walibeba mwanamke wa uchungu kwa kitanda mpaka hapa. Mimi naita gari, naita, naita. Mama alipona. Mtoto, hapana."

Kabla sijafungua mkoba, mkuu akaingia. Alikuwa koplo jeshini, na watu walinong'ona kwamba hata ukoplo wenyewe aliupatia jikoni. Sasa tarafa nzima ilikuwa yake. Alivaa miwani ya jua ndani ya kibanda kisicho na dirisha, akajigonga kichwa kwenye mlango, akaulaumu mlango.

"Fundi, mimi najua shida," alisema. "Shida iko sauti ya huyu mama. Sauti ya mwanamke iko nyepesi. Hapana weza kufika Arua."

Akampokonya kipaza sauti, akapanua kifua, mishipa ya shingo ikamtoka. "Arua! Arua! Hii ni mimi!"

Arua iliendelea kuita kwa upole, "Koboko, Koboko, mnatusikia?" kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Unaona?" mkuu akaniambia. "Wako karibu kusikia."

Nikatazama ukuta. Kumcheka mtu wa namna ile kulikuwa kumewapoteza watu wenye akili kuliko mimi.

Nikatoa mita. Redio ikiwa inasikiliza tu, betri zilisoma vizuri. Mama alipobonyeza kitufe aseme, mshale ukaanguka kama mlevi. Jambo lenyewe halikuwa la ajabu: kusikiliza kunakula umeme kidogo, kusema kunakula mwingi, na betri zile hazikuwa na nguvu ya kusema. Nikaweka mpya. Mama akaita, Arua ikajibu, wakasalimiana kama ndugu waliopoteana. Jioni haijafika nikashika njia ya kurudi, nikijiona fundi kweli.

Haikupita wiki, Koboko ikanyamaza tena.

Safari hii sikuzitazama betri kwanza. Niliizima redio kabisa, nikapima waya unaopanda mnarani. Umeme ulikuwa bado unapanda. Redio imelala, na huko juu kuna kitu kinakula. Nikajifunga mkanda, nikapanda.

Juu kabisa, kuzunguka vyuma vya mnara, nilikuta balbu zimefungwa kama shanga kiunoni. Zilikuwa balbu za gari, zimenyofolewa kwenye magari waliyoyaacha Wahindi walipofukuzwa nchini, zimepakwa rangi nyekundu na kijani. Waya zake zilisokotwa moja kwa moja kwenye umeme wa redio na kufungwa kwa plasta ya zahanati, ile ya vidonda. Jua la mchana lilificha mwanga wake, lakini nilipogusa moja iliniunguza kidole. Zote zilikuwa zinawaka.

Niliposhuka, mama hakushangaa.

"Hizo mkubwa aliagiza," alisema. "Alisema mgeni wa serikali atapita, mnara uonekane mbali. Mgeni hapana kuja. Mimi nilimwambia mkubwa, taa zinakula betri. Alisema taa haina mdomo, itakula nini?"

"Mbona siku ile hukuniambia, mama?"

"Alikuwa amesimama nyuma yako."

Nikamfuata mkuu nyumbani kwake, hatua chache kutoka mnarani. Alikuwa barazani anatafuna mbavu za mbuzi, bastola iko mezani kando ya sahani ya chumvi. Nikamweleza kwa heshima zote.

"Hiyo taa hapana guswa," alisema. "Hiyo iko heshima ya serikali."

Nikafikiria yule mtoto wa Kuluba, na nikaitazama bastola. Ukweli nilikuwa nimeshausema na haukumfaa. Nikajaribu hoja ya saizi yake.

"Sawa, afande. Mimi nilikuwa nawaza tu. Ndege ya adui ikipita usiku, Koboko yote iko giza. Rubani ataona nini? Ataona mnara. Na nyumba yako, afande, iko chini yake."

Akaacha kutafuna. Akatazama juu, akatazama paa lake la mabati, akasimama.

"Nani aliweka hiyo taa?" alifoka. Askari wake wawili wakatazama viatu vyao. "Ondoa! Sasa hivi!"

Nikazikata zote. Tulipozichaji betri kwa injini ya Landrova, mama aliita Arua na Arua ikajibu, lakini hakumaliza hata salamu. Mkuu alikichukua kipaza sauti na kutangaza kwamba kulikuwa na hujuma, kwamba yeye mwenyewe ameivumbua na kuiondoa. Arua ikamshukuru. Niliporudi ofisini, bosi wangu aliniambia napaswa kujifunza kwa kiongozi yule. Nikasema ndiyo, bwana.

Serikali ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, sote tulitawanyika. Yule mama nilimkuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Yei, ng'ambo ya mpaka wa Sudani, anauza mandazi. Aliniambia mkuu alitoroka wa kwanza, na gari la kituo, amepakia vitanda na makochi, bila kumwambia mtu neno. Mama alibaki kibandani akiziita zahanati moja moja, akizionya juu ya barabara zisizo salama, mpaka hapakuwa na aliyejibu. Ndipo akafunga mlango, akaondoka kwa miguu.

Nikamuuliza kama alimwona tena yule mtu.

"Iko hapa hapa kambini," alisema, akigeuza mandazi. "Sasa iko mkubwa wa foleni ya maji. Nani alimpa? Alijipa."

Akanifungia mandazi matatu kwenye gazeti. Niliuliza maji yanachotwa upande gani, nikaenda kuyatafuta kwingine.