Aliyeifundisha Mashine ya Vyombo Kusema Kiswahili

Habari nimezipata kwa muuza kahawa wa Ilala, tena nimechelewa: yule bwana mfasiri amefariki, na amekwisha kuzikwa. Mimi nilikuwa Tanga, katika safari isiyo na sababu ya maana, kama zilivyo nyingi za safari zangu. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, miguu yangu haitulii. Muuza kahawa alinimiminia kikombe akasema, "Yule mbishi wenu katutoka Ijumaa." Sikumkosoa, maana marehemu alikuwa mbishi kweli. Alibishania mpira, alibishania maneno ya taarabu, na akiliazima gazeti lako halirudi. Hakuwa rafiki yangu wa ndani. Lakini kuna jambo alilolifanya Kariakoo ambalo sijawahi kusikia likitajwa, na leo nataka nilitaje.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Makontena yalishuka bandarini, na maduka yaliyozoea rafu tupu yakafurika hadi barazani. Upande wa pili, mashirika ya umma yalikuwa yakipunguza watu, naye marehemu alipunguzwa pamoja na taipureta yake. Mimi nilikuwa nikimkimbizia karatasi wakala mmoja wa forodha, na ndivyo nilivyolizoea duka moja la jumla la vyombo, mali ya familia ya Kihindu. Mpwa wa mwenye duka alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kompyuta yenye programu ya kufuatilia mali stoo. Programu ilijua Kiingereza tu. Wauzaji wa pale, wengi wao wazee, wakiongozwa na mzee mmoja wa Kipwani aliyeanza kazi duka likiwa bado la mbao, Kiingereza hawakukijua. Mwenye duka, bosi wao, hakuwaficha. Mashine ingeanza kazi Diwali, siku ambayo wafanyabiashara wenzake hufungua hesabu za mwaka mpya. Ikiwa siku hiyo itasema Kiswahili, wazee wabaki. Ikishindwa, wataitwa vijana waliosoma. Marehemu akaletwa aifasiri.

Sasa, fundi wa programu ile alikuwa mtu wa mbali. Alikotoka yeye, kitu kikizidi kimoja, jina lake huongezwa herufi mwishoni, na maneno mengine karibu yote hukaa yalivyo. Kwa hiyo alitenga nafasi moja ya neno la bidhaa na nafasi mbili tu za maneno mengine: ya kitu kimoja, na ya vitu vingi. Hakufikiri kuna watu duniani ambao wakihama kutoka kimoja kwenda vingi, sentensi nzima inahama nao, na vikombe vina njia yake, ndoo njia yake, mabeseni njia yake. Marehemu alijaza nafasi alizopewa, na siku ya majaribio kioo cha kompyuta kikaandika: "Kikombe 40 zimebaki." Kikafuata: "Kijiko 1 imebaki."

Duka lilicheka. "Hii imeshuka na meli ya jana," alisema kuli mmoja aliyekuwa mlangoni. Mzee wa Kipwani alicheka mpaka akavua miwani. "Muacheni," akasema, "bado mgeni, atazoea. Mpeni na bakuli la urojo anywe." Kila aliyeingia aliitiwa aje asome. Marehemu peke yake hakucheka. Alisubiri bosi, aliyekuwa ofisini nyuma, atoke kwenda kusali hekaluni, kisha akawasogelea. "Chekeni," aliwaambia. "Lakini mkicheka hivi mbele ya bosi, kesho itarudi kwenye Kiingereza, na nyie mtakuwa nje mnaichekea kutokea barabarani." Mzee akavaa miwani yake. "Sasa tufanyeje, ndugu yangu?" "Nisemesheni," akajibu. "Semeni kama mnavyoitana mkiulizana mali stoo. Chombo hadi chombo."

Akamwendea mpwa. "Bwana mdogo, usinipe vipande vya maneno. Nipe nafasi ya sentensi nzima kwa kila chombo, ya kimoja na ya vingi." Kijana akashika kichwa. "Mzee, vyombo vyote hivi? Ni kuivunja programu na kuijenga upya. Diwali hii hapa." Wakabishana mpaka bosi akarudi na kuuliza kulikoni. Akaelezwa. Akamgeukia mpwa wake. "Wewe bibi yako akikusikia unahesabu vitu kwa Kigujarati namna hii, si atakuchapa?" Kijana akacheka, akavuta kiti. Lazima nimtendee haki: baada ya hapo hakunung'unika tena. Aliivunja, akaijenga, huku wauzaji wakipaza sauti kutoka kwenye rafu, "Sinia moja limebaki! Masinia kumi yamebaki!" na marehemu akipiga chapa kwa vidole viwili, akimrudisha nyuma kila anayekwenda mbio.

Asubuhi ya Diwali nilikuwepo. Mlangoni kulikuwa na maua, na bosi alikuwa akigawa peremende kwenye sahani. Mteja wa Morogoro akaulizia vikombe. Mzee wa Kipwani akabonyeza, akasoma kwa sauti yake ya kila siku, "Vikombe arobaini vimebaki," akaendelea kumhudumia mtu wake. Hakuna aliyegeuka kutazama. Bosi alisimama nyuma yake, akasoma kioo, akamwambia mpwa wake, "Wale vijana usiwaite tena." Akapita na sahani yake.

Wazee wale walibaki kazini hadi waliposema wenyewe wamechoka. Nimeona mashine nyingi tangu hapo, za benki, za hospitali, mpaka hizi simu za mkononi, na karibu kila moja huja na nafasi zake mbili zilizokwisha kukatwa, nasi tunajipunguza ili tuenee. Simlaumu fundi wa mbali, yeye hatujui. Ila aliye karibu anatujua, na kunyamaza kwake hakuna udhuru. Siku hizi nikisikia mtu akisema wazee wetu hawaziwezi mashine, humuuliza kwanza mashine yenyewe ilifundishwa na nani kuongea nao.