Diski Mbili na Kioo

Tak. Kimya. Tak.

Mlio huo Onesphore aliusikia masika yaliyopita, akiwa dukani kwake Mpanda mjini anakotengeneza kompyuta na simu, na tangu hapo haujamtoka masikioni. Ulikuwa mlio wa diski inayokufa. Aliichomoa, akaichomeka tena, akaibembeleza kwa maneno kama mtu anavyombembeleza ng'ombe aliyelala katikati ya shamba. Haikuamka. Ilikwenda na nusu ya sauti ya mama yake.

Mama yake, Marta, alikuwa mkulima wa Kasokola. Wazazi wake walimleta kutoka Burundi akiwa mgongoni. Huku akakua, huku akalima mahindi, huku akazikwa. Miaka yake ya mwisho Onesphore alikuwa akienda kwake Jumapili baada ya misa, anaweka kinasa sauti juu ya kinu kilichopinduliwa, na mama anaanza: nyimbo za Kirundi za kupalilia, visa vya majirani, namna ya kumtuliza mtoto mwenye homa. Kabla hajaanza alikiinamia kile kidude kwa mashaka, akauliza, "Kinashika hicho?" Onesphore alimjibu kwa kichwa tu, bila neno, asije akaichafua rekodi.

Nusu iliyobaki ilikuwa kwenye diski moja kuukuu, ndani ya soksi, juu ya kabati. Hakuthubutu kuiwasha. Aliona kila kuisikiliza ni kuisogeza karibu na ile tak. Kwa hiyo aliipita asubuhi na jioni, akiigusa kwa kidole kuhakikisha ipo, halafu akaenda zake na kiu yake.

Ndipo alipopata wazo la seva. Ofisi moja ilitupa kompyuta nzito ya zamani, yeye akaiokota, akaipangusa vumbi, akaiweka sebuleni. Alitaka kompyuta hiyo moja ibebe nyingine kadhaa ndani yake: moja ya kazi za dukani, moja ya kujifunzia na kuharibu atakavyo, moja ya kumtunza mama. Alijifunza kwenye simu, akichora kwa chaki nyuma ya mlango wa sebule. Diski ndogo yenye kasi ingebeba mfumo wenyewe na zile kompyuta za ndani. Diski kubwa zingebeba mafaili. Leo alichora hivi, kesho akafuta kwa kiganja, akachora vile. Mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka kwenye ugali.

"Baba Patrick, kaa chini ule," mkewe Joséline alimwambia. Alikuwa akichambua dagaa wa Ikola kwenye ungo, wa kuuza sokoni. "Hizo kompyuta za ndani umesema hazina mwili?"

"Hazina. Zinaazima mwili wa hii."

"Basi ni majini. Mimi mkristo, majini sebuleni kwangu sitaki."

"Majini hayahitaji diski, mama Patrick."

"Bora hayo. Yana gharama ndogo."

Onesphore alicheka, lakini hakukaa. Alikuwa amesoma kuhusu mpango ambao mafundi wenzake wanauita kioo: diski mbili kubwa, na kila unachoandika kwenye moja kinajiandika papo hapo kwenye nyingine. Ikifa moja, ya pili inaendelea. Aliposoma hapo kifua kilimlegea kwa mara ya kwanza tangu masika. Akampigia Arcade, rafiki yake mfanyabiashara, aliyekuwa Mwanza kufuata mzigo.

"Arcade, niletee diski mbili, kioo! Umesikia? Diski mbili, kioo!"

"Nimekusikia, fundi, usinitoboe sikio. Mashine gani?"

Onesphore akataja jina la ile kompyuta, simu ikakatika.

Arcade alipofika alibisha hodi huku amekumbatia boksi pana kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na diski kubwa moja. Na kioo. Kioo cha kompyuta, kipya, king'aacho, kimefungwa kwa sponji.

"Hiki nini?"

"Kioo. Si umesema kioo? Hela haikutosha diski mbili na kioo, nikaona bora kioo, maana fundi bila kioo ataona nini?"

"Kioo ni hizo diski mbili zenyewe!"

"Diski inakuwaje kioo? Nyie mafundi mna kichaa. Joséline, dada yangu, mumeo ana homa?"

Joséline alikuwa ameshajitazama kwenye hicho kioo, anajiweka sawa kilemba. "Angalau hiki kina faida," alisema.

Onesphore hakulala vizuri. Asubuhi yake alifukua dukani diski mbili ndogo za zamani, akaziunganisha kwa mpango wa kioo, angalau aone linavyofanya kazi jambo alilolikosa. Akaweka picha moja ya mwanawe Patrick. Ikawa kwenye zote mbili. Akachomoa moja, picha ipo. Akairudisha, akatabasamu. Halafu, akitaka kusafisha, akaifuta ile picha, akaitafuta kwenye diski ya pili. Ilikuwa imefutika kwenye zote mbili. Bila kuulizwa, bila kusita.

Akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Kioo hakitunzi. Kioo kinaiga. Ukicheka kinacheka, ukijikata kinatoka damu. Angemweka mama kwenye kioo hicho, akaitupa ile diski ya kwenye soksi, akalala usingizi wa pono. Na siku moja kidole kimoja kilichochoka kingemfuta mara mbili.

Akafuta mlango wote wa chaki. Akachora upya, kwa haraka: diski kubwa ndani ya seva, hapa. Diski kuukuu, ikishanakiliwa, kwa dada yake Providence, Kasokola, mbali na radi ya hapa, mbali na mwizi wa hapa, mbali na kidole chake. Diski moja ya Arcade ilitosha.

Lakini ilibidi kwanza ile kuukuu iwashwe.

Akaitoa kwenye soksi, akaichomeka kwenye seva. Mafaili yakaanza kuhama, polepole, naye akasimama, akakaa, akasimama. Umeme ulipepesa mara moja, feni ikaguna, ikaendelea. Joséline aliacha dagaa wake akaja kusimama mlangoni, bila utani wowote. Yakaisha.

"Nimpe Arcade hiyo kuukuu aipeleke leo?" aliuliza Joséline. "Anakwenda Kasokola na pikipiki."

"Bado. Nakala ambayo haijafunguliwa si nakala."

Alijua hilo kwa kazi yake, na alikuwa akiliogopa. Akafungua faili la kwanza kutoka diski mpya. Kukaja upepo, kuku, kinu kikisogezwa. Kisha pumzi, karibu sana, ya mtu anayeinama.

"Kinashika hicho?"

Joséline alimtazama mumewe. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kukubali, kama zamani, ila aliyeuliza hakuwapo tena kukiona. Onesphore akasogea karibu na spika, mikono yenye chaki magotini, akasema chini chini kabisa:

"Kinashika, mama."