Shikamoo Kwenye Foleni ya Chai

Nimehudhuria warsha nyingi mno za kukutanisha serikali na sisi watu wa mashirika, na sitaficha, nyingi nazikumbuka kwa chakula tu. Moja ndiyo inayoniuma mpaka leo. Ilifanyika Mwanza, katika ukumbi wa hoteli wenye mapazia mazito, na mada ilikuwa kanuni mpya za kuanika dagaa: marufuku kuanika mchangani, kila mtu atumie chanja za waya.

Nilikwenda na mama mmoja mjane, mwanikaji wa dagaa kutoka ufukwe mmoja wa Ukerewe. Hakupinga chanja. Alichokuja kuomba ni kimoja: zijengwe kwanza, ndipo mchanga ukatazwe. Vinginevyo yeye na wenzake wangekaa bila kazi msimu mzima, na watoto hawali kanuni. Tangu tulipopanda meli Nansio alikuwa akiyarudia maneno hayo kwa sauti ya chini, midomo ikicheza.

Mwezeshaji alitoka Dar, mcheshi, mwenye nia njema. Alitangaza kwamba vyeo vyote vimebaki mlangoni; humu ndani sote sawa, tutaitana majina ya kwanza. Akatubandika karatasi za majina vifuani. Sijui nani alimdanganya kwamba heshima ndiyo inayowafunga watu midomo. Kwetu ukiwa mtu mzima huitwi jina lako tupu mbele za watu ila kama umeharibu. Ofisa wa uvuvi, kijana wa umri wa kitinda mimba wa yule mama, alipotakiwa kumuuliza swali, alilisoma jina lililokuwa kifuani mwa mama, akafungua mdomo, akaufunga. Mama naye alipopewa kipaza sauti alitazama chini, akasema hana la kuongeza. Nilitamani kumpokonya mwezeshaji zile kalamu zake za rangi.

Ikaja saa ya chai. Yule ofisa alikuwa karibu na birika, lakini aliacha nafasi yake kwenye foleni, akarudi nyuma hadi tulipokuwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo mama."

Hapo mama akapata ulimi. Alimweleza yote taratibu, kikombe kitupu mkononi, foleni ikitupita: mchanga, mvua zinazokuja, wajane wenzake, chanja ambazo hawajaziona hata nguzo. Ofisa alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, kijana alinitazama mimi kwanza, kisha akamgeukia yeye.

"Mama, siwezi kukudanganya. Katazo limeshasainiwa. Linaanza mwezi ujao. Chanja bado."

"Sasa haya maongezi ya leo?"

"Ni ya kukusanya maoni, mama."

Ndani ya ukumbi zilikuwa zinapangwa meza za kazi za vikundi, na mwezeshaji alikuwa akitugongea kengele turudi. Mama hakupandisha sauti. Alimshukuru kijana, akamwombea Mungu amsaidie kazini, kisha akanigeukia akaniomba nimsindikize bandarini. Kama ndivyo, alisema, afadhali awahi meli, akaanike wakati mchanga bado unaruhusiwa.

Tulitembea kwa miguu, nikimbebea kikapu chake. Njia nzima nilikuwa namsema yule ofisa: kwamba amejua tangu asubuhi na akakaa kimya, kwamba ametupotezea siku, kwamba watu wa namna ile ndio wanaotukwamisha. Niliongea kana kwamba aliyeonewa ni mimi. Tulipofika getini, mama akachukua kikapu chake mkononi mwangu.

"Mwache yule mtoto," akasema. "Ninyi kila mwaka mnakuja ufukweni kunisikiliza, na nawashukuru. Yeye amenijibu."