Shokapu za Mtani

Wiki iliyopita nilikaa asubuhi nzima juu ya tairi bovu kwenye gereji moja mjini Mtwara, nikimwangalia fundi akibadilisha shokapu za mbele za gari langu. Gari lenyewe ni kuukuu, na siku za karibuni lilikuwa likigonga kila linapokanyaga shimo. Ukikandamiza boneti kisha ukaliachia, pua yake inanesa mara nne ndipo itulie. Fundi alinisihi niende zangu nikanywe chai, ataniita akimaliza. Nikamwambia chai nimekunywa. Kabla hajazifunga zile mpya nilizichukua mkononi, nikaikwaruza rangi yake kwa ufunguo wa nyumba.

"Dada, nimezitoa kwenye boksi mbele ya macho yako," akasema.

"Boksi nimewahi kuliona," nikamjibu.

Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyetoka hospitali juzi, akaendelea na kazi yake. Masikini, hakuwa na kosa lolote. Ngoja nikueleze wewe, maana yeye nisingeweza kumweleza.

Nilikulia Mikindani, katika nyumba ya mawe yenye ngazi za nje zisizo na pa kushika. Asubuhi zetu zilinuka korosho. Bibi, mama yake baba, alizikaanga uani kwenye bati la debe lililotobolewa matundu, mafuta yake yakashika moto na moshi mweusi ukafunga uchochoro mzima. Sisi watoto tulikohoa huku tukisogea karibu zaidi. Tulizibangua zingali za moto, vidole tumevipaka majivu ili yale mafuta ya maganda yasitubabue. Jioni ulikuwa ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa korosho za kutwanga, na ming'oko, vile viazi vya porini, ilipopatikana tuliichemsha tukaila na chumvi na pilipili hadi matumbo yakauma. Nikikumbuka chakula kile hata sasa nasikia njaa.

Bibi alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake wa kike, aliyeolewa kijijini kule mbele ya Msimbati, karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Kila baada ya msimu wa korosho mmoja alimtembelea mwenzake. Walilala kitanda kimoja na kuongea Kimakonde cha haraka mpaka alfajiri, wakicheka kama wasichana. Kisha Bibi akateleza kwenye zile ngazi, akavunjika nyonga. Akapona akawa wa kutembelea mkongojo, lakini akitikiswa kidogo tu machozi yanamtoka. Hazijapita siku nyingi tukaletewa habari kwamba mdogo wake yuko kitandani, hainuki, na anamwita. Tangu siku ile Bibi hakuomba kitu kingine. Alijaza korosho kwenye kikapu cha ukili, akakiweka karibu na mlango.

Baba alikuwa na gari dogo jeupe, zee kuliko mimi, na shokapu zake za mbele zilikuwa zimekufa kabisa, zinavuja oili mpaka kwenye rimu. Barabara ya kule ilikuwa ya udongo na mashimo. Kumpakia Bibi vile ilikuwa ni kumuua. Baba akaamua kwamba kwanza shokapu mpya zitoke Dar, ndipo safari.

Zilipofika, kazi akapewa mtani.

Huenda kwenu utani umebaki wa mpira na vijiweni tu, kwa hiyo niuseme ulivyokuwa kwetu. Ukoo wetu na ukoo wa mtani huyo, fundi na jirani wa nyumba ya tatu, walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani aliweza kuingia kwako akafunua sufuria akala nyama, akaondoka na jogoo wako kwapani, akakuita mwizi mbele ya wakwe zako, na wewe ukacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Fundi alimwita baba mtumwa wake, baba naye akasema spana zote za fundi zimeibwa bandarini. Nilimpenda yule mtu kuliko baba zangu wadogo. Akipita dirishani kwetu alikuwa akibweka kama mbwa, na Bibi anamjibu kwa kumrushia ganda la muhogo.

Siku moja nilitumwa kumpelekea chai ya tangawizi kwenye gereji yake, chini ya mwarobaini. Nilimkuta nyuma ya ukuta amechuchumaa, anapaka rangi nyeusi shokapu mbili. Nilizijua, ni zile kuukuu za gari letu. Moja ilikuwa na kovu la kugongwa jiwe, nami nilikuwepo siku ilipogongwa. Alikuwa amezitoboa, amejaza oili nzito ya gia, amechomelea pale alipotoboa, na sasa anaficha. Pembeni palikuwa na boksi jipya, tupu.

Hakushtuka. Aliniwekea kidole mdomoni, kidole chenye rangi.

"Namtania baba ako. Akijua atacheka mpaka akae chini. We mtani wangu, usinichome."

Mimi, mtani wake! Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniingiza kwenye utani kabla ya hapo. Nilirudi nyumbani nimejaa siri, nikasugua mdomo kwa mchanga mpaka rangi ikatoka. Usiku huohuo baba alikandamiza boneti, gari likashuka na kupanda mara moja likatulia, akatabasamu. Nikatabasamu nami. Nilikuwa nasubiri mzaha uishe, fundi atoe zile mpya, wote tucheke.

Asubuhi tukaondoka, na mzaha haujaisha. Bibi tulimlaza kiti cha nyuma juu ya mito, kikapu chake miguuni, kichwa chake mapajani mwangu. Mpaka tunatoka mjini alikuwa anasimulia. Kufika Ziwani oili ilikuwa imemwagika yote. Gari likaanza kugonga, kila shimo mpaka kwenye mifupa yake. Hakupiga kelele, ila alinishika mkono, na mimi ndiye niliyelia.

"Usilie, mjukuu wangu," akasema. "Mtani katufanyia kazi yake vizuri. Hii barabara tu haina adabu."

Ningesema pale. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilikuwa nimeahidi, na mbele yangu niliona mgongo wa baba umelowa jasho, nikaogopa. Baba alisimamisha gari, akamtazama mama yake, akageuza. Njia nzima ya kurudi Bibi alikuwa ameugeuza uso kwenye kiti.

Siku ya pili baba alimleta fundi mwingine wa mjini. Yule akakwaruza kwa bisibisi, rangi ikabanduka kama ganda la kidonda, chini kutu. Shokapu mpya za baba mtani alikuwa amekwisha kuziuza, zimefungwa kwenye gari la wakala mmoja wa forodha. Baba akashuka mtaani na shokapu mkononi, mimi nyuma yake, nina furaha mbaya. Nilitaka ampige.

Fundi alimwona kwa mbali, akaruka juu, akapiga makofi mbele ya watu wote. "Mtani kaliwa! Mtumwa wangu kaliwa!"

Watu wakaangua kicheko. Baba akasimama. Nilimwona akitafuta la kufanya na uso wake, na halafu, niamini, akacheka. Alicheka sana, mpaka akaiweka chini ile shokapu. Sijui nani aliniuma zaidi siku ile, yule aliyedanganya au huyu aliyecheka. Fundi alinikonyeza.

Kabla baba hajapata shokapu nyingine, mdogo wake Bibi akafariki. Zile korosho tulizila sisi, taratibu.

Bibi alimfuata mwaka uliofuata. Siku ya maziko jeneza lilipotoka, fundi akajilaza njiani kama watani wafanyavyo, akabweka, akasema bibi huyu hapiti mpaka atoe ganda la muhogo. Watu wakaanza kucheka huku wanalia, kama desturi. Baba, aliyekuwa mbele amebeba, hakucheka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, tupishe tafadhali."

Hakumwita mtani. Alimwita fundi, akamwambia tafadhali. Yule mtu akainuka, akajikung'uta mchanga, akasimama pembeni mikono mbele. Tangu siku ile aliamkiana na baba kwa heshima zote, habari za asubuhi, njema, mpaka baba anakufa, na hakuna aliyebweka tena dirishani kwetu.

Wanangu wanajua utani wa simu. Wakiniuliza ule mwingine ulikuwaje, nawasimulia jogoo wa kwapani, wanacheka, nami nafurahi kuwaona wanacheka. Habari ya gereji siwaambii. Mtu niliyempenda aliniomba ninyamaze, nikanyamaza, na Bibi hakufika.