Lugha ya Bibi Alipougua

Mwaka ule, katika miaka ya hamsini, bibi aliyemzaa mama alishikwa na homa kali nyumbani kwetu katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, akaanza kusema lugha ambayo hatukuijua. Mwanamke aliyetulea kwa Kiswahili sasa alitukodolea macho akitoa maneno ya kigeni, kwa sauti nyembamba ya mtoto. Nilikataa kulala naye chumba kimoja.

Majirani, ambao hawakosi la kusema, walisema ni pepo. Pepo huulizwa anataka nini, tena kwa lugha yake, kwa hiyo mama alifukiza ubani akaita watu wa makabila jirani: Mbembe, Mfuliru, Mrundi. Kila mmoja alisikiliza mlangoni, akatikisa kichwa, akaondoka haraka. Hofu ilizidi. Pepo asiyeeleweka utamwombaje aondoke?

Asubuhi moja akapita mzee mnunuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu wa mbali, upande wa magharibi. Alisimama uani akasikiliza, kisha akavua kofia.

"Haiko pepo, mama. Iko nasema luga ya kwetu. Iko nalia sawa mutoto."

"Analilia nini?"

"Iko naomba mumurudishe kwa mama yake."

"Sisi?"

"Ninyi. Iko nasema watu ya Kiswahili walimukamata."

Tulijua bibi aliletwa Baraka akiwa mdogo. Aliletwaje, hakuwahi kusema, nasi hatukuuliza. Mama akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kumbembeleza kwa Kiswahili. Bibi alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akafunika uso kwa mikono.