Siku Boti Zetu Zilipokaa Gatini

Siku yangu ya kwanza kazini, Kapteni alinikabidhi kipaza sauti akaniambia, "Yangu ni kuipeleka boti. Yako ni kuhakikisha abiria hawazami kwenye simu zao." Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya kuuguza wazee kule Apple Valley, jimbo la Minnesota, Marekani, kama wengi wetu kutoka Kenya, hadi mgongo ukagoma. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwongoza watalii wa Mto Mississippi. Maelezo ya njiani tuliyaita simulizi. Yangu ilikuwa ndefu, na niliipenda kupita kiasi.

Kilele cha safari kilikuwa makutanoni, pale Mto Minnesota unapoingia Mississippi chini ya ngome ya zamani. Kwa Wadakota, wenyeji wa nchi hii, hapo ni mahali patakatifu. Hapo hapo, baada ya vita vyao na serikali ya Marekani mwaka 1862, wanawake, watoto na wazee wao walifungiwa kambini majira ya baridi, na wengi wakafa. Kila nilipofika pale nilisisimkwa na mwili, hata baada ya miaka mingi.

Nilipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa waongozaji, Meneja wa Ziara, mama mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, aliamua tuadhimishe siku ambayo ukoo mmoja wa Kidakota hukusanyika pale kila mwaka kuwakumbuka wafu wao. Alitaka shada la maua, hotuba yangu, na boti zipite polepole. Akamwalika bibi mmoja wa ukoo huo ofisini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mnataka kujua tunachotaka sisi?"

"Ndiyo," Meneja akasema.

"Siku hiyo msije."

Meneja akajibu, "Sawa. Boti hazitatoka." Mpaka leo namvulia kofia.

Mzigo ukaniangukia mimi. Boti ya siku hiyo ilikuwa imekodiwa na akina mama wa kanisa letu la Champlin kwa ibada ya shukrani, na ngoma na kwaya juu. Nikampigia mwenyekiti wao, Mama Wambui, kumwambia safari imefutwa.

"Baba Njeri, unatucheza? Manesi wetu wame-swap shift ili waje! Na wewe ni mtu wetu!"

"Mama, pale mtoni kuna matanga."

Sauti ikashuka. "Ya nani?" Nikamweleza.

"Woi. Watoto pia?"

"Watoto pia."

"Basi si tuende tuwape pole? Tutapeleka chai na mandazi. Utamwachaje mtu aliyefiwa peke yake?"

Hapo nikakwama. Kwetu, kutokwenda matangani ni tusi. Kwa bibi yule, kwenda ndiko kungekuwa tusi. Niliona nitamkosea mmoja wao, na sikujua nimkosee nani. Nikampigia bibi, nikamweleza bila kupamba. Akacheka kidogo.

"Siku hiyo wakae nyumbani. Chai waniletee kesho yake."

Siku yenyewe boti zilikaa gatini, zimefungwa kamba. Watalii walipiga simu kulalamika, nami nikawajibu, "Leo mto una wenyewe."

Kesho yake akina mama walifika ukingoni na chupa za chai na mandazi ya moto. Mama Wambui alimshika bibi mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole." Bibi hakulijua neno lile, lakini hakuuondoa mkono wake. Alionja chai. "Haya ni maziwa matupu," akasema, akaomba aongezewe. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kututajia wafu wake, mmoja mmoja, kwa majina. Miaka yote ile nilipita pale nikiongea, na sikulijua hata jina moja.

Sasa nimestaafu. Waongozaji vijana huniuliza kampuni ifanye nini siku kama hizo. Nawaambia waulizeni wafiwa, kisha fuateni jibu lao hata likiwa la kuwafungia nyumbani. Sisi tumelifuata. Kila mwaka, siku ile hatusogei mtoni. Siku inayofuata, Mama Wambui anachemsha maziwa alfajiri na tunakwenda. Mwaka huu tulimkuta bibi ametutangulia, ameketi ukingoni, na amekuja na kikombe chake mwenyewe.