Mtoto Tunayemngoja Anaiogopa Redio Yetu

Mhariri, jina langu lifiche, na msomaji atakayenitambua kwa maneno yangu basi anyamaze. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne. Tunakaa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, ambako mume wangu ni karani wa mizani. Tulioana kanisani zamani kidogo na Mungu hajatujalia mtoto. Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Mimi mpaka leo naitwa Bibi Karani, na nimechoka kuitikia.

Mwaka jana tuliomba mtoto kwenye nyumba moja ya mayatima kule Thika. Tukaambiwa tungoje. Ngojangoja huumiza matumbo, lakini mimi sikukaa bure, nilianza kupanga malezi. Mume wangu ana redio ya betri, ya pekee katika laini nzima, na wanaume huja kwetu jioni kusikiliza habari. Zamani kila baba alikuwa na nyumba yake ya maongezi ya wanaume, na watoto walikaa kwa mama yao wakisikiliza hadithi na vitendawili hadi chakula kiive. Sisi tuna chumba kimoja na moto mmoja. Kwa hiyo niliamua kwamba hadithi itatangulia na redio itafuata, mtoto akishalala. Gazeti lenye picha za maiti litawekwa juu ya kabati. Na gari la sinema likija uwanjani, tutauliza kwanza wanaonyesha nini. Jirani yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Wee Bibi Karani, unamkatia nyasi ng'ombe ambaye hujamnunua!" Mume wangu naye alicheka, lakini alikubali. "Sawa, mwalimu," akaniambia.

Basi Jumapili moja mama mlezi wa ile nyumba alituletea msichana atutembelee. Nitamwita Wanjiru, ingawa si jina lake. Ana kama miaka sita. Alikula viazi na maharagwe, akanisaidia kuosha vikombe, akamcheka kuku wangu mwenye mguu mbovu. Nilimpenda papo hapo, sitaki kuficha. Saa ya habari ilipofika, wanaume wakaingia kama kawaida, mnyapara wa shamba akiwa mbele. Nilimtazama mume wangu kumkumbusha tulivyokubaliana. Yeye akamtazama mnyapara, akafungua redio. Mama mlezi alifurahi sana. "Nyumba yenye redio! Mtoto ataelimika hapa," akasema.

Mtangazaji alipoanza tu kusema, Wanjiru aliweka kikombe chini, akaenda moja kwa moja kwa mume wangu, akamshika suruali kwa mikono miwili.

"Usiitike," akamwambia.

Wanaume wakacheka. "Nisimwitikie nani, mama?" mume wangu akamuuliza.

"Huyo anayeita. Baba aliitika."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mlezi alinitoa nje akanieleza. Kijijini kwao lilikuja gari la serikali lenye kipaza sauti, likaita watu kwa majina wajitokeze uwanjani. Baba yake aliitwa, akaitika, akaenda, na mpaka leo hajulikani aliko. Mama yake aliugua baadaye akafariki. Mhariri, mimi sikuandikii siasa. Nakuandikia habari za mtoto.

Walipoondoka nilimwambia mume wangu auze redio kesho yake. Nilisema kwa ukali, maana nilikuwa na uchungu wa kuvunjiwa ahadi mbele ya mgeni wangu. Akaniambia, "Unafikiri mnyapara huja hapa kwa utamu wa chai yako? Kila jioni anatuona tukisikiliza habari za serikali, anajua hapa hakuna maneno mengine ya siri. Nikiizima ataanza kujiuliza. Na chifu akitaka kujua kama tunafaa kupewa mtoto, atamuuliza nani?"

Ni kweli, mtoto hatolewi bila neno la chifu. Hata hivyo mimi ni mbishi. Niliifunika redio kwa kitambaa, nikawaambia waliokuja kwamba betri imekufa. Hazikupita jioni nyingi, mnyapara akabisha hodi akiwa na betri mpya aliyoitoa wapi sijui. "Karani, siku hizi hutaki habari?" akauliza huku akitabasamu. Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia palepale. Siku hizi akifungua redio hukaa ameinamisha kichwa. Juzi aliniambia bado anasikia vile vidole kwenye suruali yake. Nilimwonea huruma, na bado nina hasira naye.

Sasa mama mlezi ametuma habari njema. Chifu amekubali, mnyapara ametusifu, na Wanjiru ataletwa mwezi ukiisha. Wenzangu wananipongeza, nami usingizi siupati. Nikikataa, nitamrudisha mtoto kwenye kungoja, na wala sijui kama tutapewa mwingine. Nikimpokea, kila jioni atakaa chumba kimoja na sauti ile, na wanaume wale wataona anavyoogopa. Mume wangu anasema atazoea. Mimi naogopa kwamba atazoea kweli.

Nyinyi mnaolea watoto wakati huu, niambieni mmefanyaje. Mipango yangu yote ilikuwa ya kumlinda asisikie ya wakubwa kabla ya wakati, kumbe amekwisha kuyasikia kabla yangu. Nimpokee, au nimwache aende kwenye nyumba isiyo na redio? Na jioni ya kwanza, atakapomshika mume wangu suruali na kumwambia asiitike, nimwambie mtoto kwamba hakuna anayeita? Nifanye nini, ndugu zangu? Nataka kumwambia hivyo, lakini mimi mwenyewe sina hakika.